Mji unaochanga ili historia yake isipotee

Treni inayotoka stesheni ya Paddington jijini London kwenda Hereford huchukua karibu saa tatu kufika Ledbury, mji mdogo ulioko magharibi mwa Uingereza, si mbali na mpaka wa Wales. Kabla ya kufika, hupenya kwenye mahandaki chini ya vilima vya Malvern, na watoto waliomo ndani hushangilia kila giza linapoingia na kutoka. Anayeendelea na safari hadi Hereford hupita juu ya daraja la reli lenye matao 31, lililojengwa kwa matofali yapatayo milioni tano.

Anayeshuka Ledbury hutembea kidogo tu kufika katikati ya mji. Hapo hukuta kitu ambacho kila mgeni hukipiga picha: jumba la mbao nyeusi na kuta nyeupe, lililosimama juu ya nguzo 16 kama mtu aliyepandisha nguo kuvuka tope. Ni jumba la soko. Ujenzi wake ulianza mwaka 1617. Ghorofani zilihifadhiwa nafaka na mazao mengine, na chini watu waliuza na kununua. Hata leo, siku za soko, wachuuzi hupanga bidhaa zao kati ya nguzo hizo, na watoto huzungukana humo wakicheza kujificha.

Mtoto akichoka kucheza huuliza swali la watoto wote: nani alijenga?

Jibu lililozoeleka ni kwamba alijenga John Abel, fundi seremala maarufu wa Herefordshire aliyeishi karne ya 17. Ni jibu tamu, kwa sababu lina jina na lina fundi hodari. Tatizo ni moja: hakuna waraka unaothibitisha. Hadithi imepokelewa kinywa kwa kinywa, ikarudiwa mpaka ikaonekana kweli.

Katika mji huu na vijiji vinavyouzunguka, wako watu ambao jibu kama hilo haliwaridhishi. Wengi wao si wanahistoria kwa kazi. Hukutana, huchanga fedha, huandika barua za kuomba ruzuku, huuza vitabu na kuandaa mihadhara, na yote hayo kwa lengo moja: kumlipa mtafiti akae na nyaraka za zamani, aulize kila hadithi "ushahidi uko wapi?", kisha kitabu kichapwe. Waswahili walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Ledbury wanaandika daftari la mji wao.

Mradi uliozidi umri wa waanzilishi wake

Kazi wanayoichangia haikuanzia kwao. Mwaka 1899 ulianzishwa mradi mkubwa ulioitwa Victoria County History, yaani historia ya kaunti kwa heshima ya Malkia Victoria, aliyekubali jina lake litumike. Nia ilikuwa kuandika historia ya kila kaunti ya Uingereza, parokia kwa parokia, kuanzia zamani za kale mpaka wakati huo. Parokia katika maana hii ni eneo dogo la kanisa na vijiji vyake, ambalo kwa karne nyingi ndilo lililosimamia mambo mengi ya wakazi, ikiwemo kuwasaidia maskini.

Waanzilishi walidhani kazi ingekamilika kwa miaka michache. Vitabu vikubwa vyenye majalada mekundu vikaanza kutoka. Wasichana waliokuwa wamemaliza vyuo vikuu, wakati ambapo milango mingi ya kazi ilikuwa imefungwa kwa wanawake, waliajiriwa kusoma nyaraka kwenye hifadhi za serikali. Baadhi ya kaunti zilikamilika mapema. Miongoni mwa hizo ni Hampshire na Bedfordshire.

Kisha fedha zikakatika. Vita Kuu ya Kwanza ilisimamisha kazi, na baada ya vita matatizo hayakuisha. Mhariri mkuu, William Page, aliikumbatia kazi hiyo ilipokaribia kufa, mpaka ikapata makao katika Taasisi ya Utafiti wa Historia ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1933. Makao yako hapo hadi leo. Vitabu vilivyokwisha kutoka ni zaidi ya 230, na kazi haijaisha.

Herefordshire, kaunti ambamo Ledbury imo, ilipata kitabu kimoja tu, mwaka 1908. Kilikuwa kitabu cha mambo ya jumla ya kaunti nzima. Historia ya parokia moja moja, ambayo ndiyo mtu wa kawaida angeitafuta ili aone kijiji chao, haikuandikwa. Ukapita karibu muongo baada ya muongo hadi kufikia karne nzima. Watoto walizaliwa, wakazeeka, wakazikwa, na kitabu cha pili hakijaja.

Fedha zinaponunua muda

Utaratibu uliopo ni huu: London kuna wahariri wanaosimamia ubora na kukagua kila ukurasa, lakini fedha za kumlipa mtafiti wa kaunti sharti zitafutwe na kaunti yenyewe. Zamani serikali za mitaa katika baadhi ya kaunti zilibeba mzigo huo. Bajeti zilipobanwa, historia ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupunguzwa, na si ajabu. Diwani anayelazimika kuchagua kati ya huduma za wazee na kitabu cha karne ya 13 hana uchaguzi mgumu.

Ndipo wananchi wakaunda mifuko ya hisani. Katika kaunti jirani ya Gloucestershire, mfuko wa namna hiyo uliundwa mwaka 2010 ili kazi isikatike. Herefordshire nayo ina mfuko wake, na kiini cha kazi yake kimekuwa Ledbury na parokia za jirani.

Msukumo mkubwa ulikuja kati ya mwaka 2005 na 2010, pale fedha za bahati nasibu ya taifa zilipotolewa kwa ajili ya mradi wa kushirikisha wananchi wa kawaida katika uandishi wa historia za kaunti kadhaa. Ledbury ilichaguliwa. Vikatoka vitabu viwili: kimoja mwaka 2009 kuhusu mji huo kama mji wa soko, na kingine mwaka 2010 kuhusu watu na parokia yao kabla ya mageuzi ya dini ya karne ya 16.

Ruzuku ilipokwisha, ulibaki mtihani unaojulikana kwa kila aliyewahi kusimamia mradi wa wafadhili: je, mgeni akiondoka, moto unaendelea kuwaka? Hapa uliendelea. Watu walirudi kwenye njia za kawaida, ambazo msomaji wa Afrika Mashariki angeziita harambee. Kuna ada za wanachama na michango ya mtu mmoja mmoja. Kuna mihadhara yenye kiingilio, maombi kwa taasisi za hisani na mauzo ya vitabu vilivyotangulia. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtu anaweza kuuliza, fedha zote hizo za nini ikiwa watu wanajitolea? Jibu ni muda. Nyaraka za kale haziko wazi kama gazeti. Kumbukumbu za mahakama za Uingereza ziliandikwa kwa Kilatini hadi mwaka 1733, kwa mwandiko ambao mtu wa leo huuona kama nyayo za kuku kwenye majivu. Anayejitolea anaweza kujifunza kusoma mwandiko huo, na wengi wamejifunza, lakini yuko kazini mchana au ana wajukuu wa kulea. Lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake kila siku ni hiyo tu, anayejua waraka upi uko kwenye hifadhi ya kaunti iliyoko Rotherwas nje ya mji wa Hereford, na upi uko London. Michango humnunulia huyo siku zake.

Sufuria, vitanda na ng'ombe wawili

Kila parokia huandikwa kwa mpangilio unaofanana. Kwanza mandhari na makazi: watu walikaa wapi na kwa nini. Kisha nani alimiliki ardhi. Halafu uchumi, yaani walilima nini, waliuza nini, viwanda gani vilikuwepo. Baadaye maisha ya jamii, shule na misaada kwa maskini. Mwisho dini na uongozi wa mtaa. Kila sentensi yenye madai hubeba tanbihi inayoonyesha ilikotoka, ili anayebisha aende akasome mwenyewe.

Nyaraka zinazowagusa zaidi wanaojitolea mara nyingi si za wafalme. Ni wosia na orodha za mali za marehemu. Katika karne za 16 na 17, mtu mwenye chochote alipofariki, majirani waliingia nyumbani kwake na kuandika vitu vyake chumba kwa chumba pamoja na thamani yake: sufuria, vitanda, mashuka, zana za kazi, nafaka ghalani, ng'ombe. Anayesoma orodha hiyo leo anaingia ndani ya nyumba iliyobomolewa miaka mia tatu iliyopita. Anajua mjane aliachiwa kitanda kipi, na ni binti yupi aliyepewa birika.

Vipo pia vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi, ambavyo kila parokia iliamriwa kuvitunza tangu mwaka 1538. Zipo kumbukumbu za kodi ya meko ya karne ya 17, ambapo kila kaya ilihesabiwa kwa idadi ya meko yake, hivyo tajiri na maskini wakaonekana kwa moshi wao. Hakuna waraka mmoja unaotosha. Orodha hukutanishwa na ramani, ramani na nyumba yenyewe iliyosimama, mpaka picha itulie.

Ukuta uliofichwa

Kutoka jumba la soko, uchochoro uliotandikwa mawe, unaoitwa Church Lane, unapanda kuelekea kanisani. Nyumba za mbao zimeinamiana juu yake kama wazee wanaonong'ona. Katika moja ya nyumba hizo, iliyokuwa ofisi ya baraza la mji, mafundi waliokuwa wakifanya ukarabati mwaka 1988 walikuta michoro ukutani, chini ya matabaka ya miaka mingi. Ilikuwa ya karne ya 16: maua na vifundo vilivyochorwa kwa mkono, pamoja na maneno ya mafunzo ya dini.

Kwa vizazi kadhaa watu walikaa na kufanya kazi ndani ya chumba kile bila kujua kilichokuwa nyuma ya ukuta. Leo wanaojitolea ndio huwapokea wageni na kuwaeleza. Mtoto akiambiwa kwamba michoro hiyo ilikuwepo kabla ya soko la nguzo kujengwa, hunyamaza kidogo na kuhesabu.

Mwisho wa uchochoro liko Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, na mnara wake wa kengele umesimama peke yake, umeachana na jengo. Herefordshire ina minara saba ya namna hiyo. Kwenye mlango wa kanisa wageni huonyeshwa matundu yanayosemwa kuwa ya risasi za Aprili 1645, wakati jeshi la mfalme lilipopigana na jeshi la Bunge humuhumu mitaani. Kwa mtoto, tundu moja ambalo kidole chake kinaingia hufundisha vita kuliko kurasa kumi.

Yale ambayo mji usingependa kusikia

Ukweli huwa rahisi kuuchangia unapopendeza. Kipimo cha kazi ya namna hii ni pale unapouma.

Katika barabara kuu ya Ledbury kuna jengo lenye mnara wa saa, lililojengwa kumkumbuka mshairi Elizabeth Barrett Browning. Lilifunguliwa mwaka 1896 na Rider Haggard, mwandishi yuleyule ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili walimfahamu kupitia Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mji unajivunia mshairi wake, na una haki. Alikulia Hope End, nje kidogo ya mji, katika jumba la kifahari ambalo baba yake alilinunua mwaka 1809.

Lakini fedha zilizonunua jumba lile zilitoka wapi? Zilitoka kwenye mashamba ya miwa ya familia hiyo huko Jamaika, yaliyolimwa na watumwa waliotokana na Afrika. Mambo yalipoharibika, jumba likauzwa mwaka 1832. Elizabeth mwenyewe alikuja kuandika dhidi ya utumwa alipokuwa mtu mzima.

Historia ya mahali iliyoandikwa kwa ajili ya kuwafurahisha wachangiaji ingeishia kwenye mnara wa saa. Iliyoandikwa kwa utaratibu wa "nani alimiliki, alipata wapi" haiwezi kuishia hapo. Hiyo ndiyo faida ya mtafiti kukaguliwa na wahariri walioko mbali: anayetoa mchango hupata kitabu, lakini hapati ruhusa ya kuchagua kitakachomo. Na mzazi anayetembea na mwanawe katika bonde lile zuri anaweza kumwambia mambo mawili kwa pamoja, kwamba hapa alikua msichana aliyeandika mashairi makubwa, na kwamba ng'ambo ya bahari walikuwepo watoto waliolipia utoto wake. Mtoto anaweza kuyabeba yote mawili, asipofichwa.

Hesabu isiyokubali haraka

Baada ya vitabu viwili vya Ledbury, kazi ilihamia parokia za jirani, kwa vitabu vidogo vya jalada laini ambavyo mtu anaweza kuvinunua bila kuumia. Eastnor ilitoka mwaka 2013. Bosbury ikafuata mwaka 2016. Colwall ikaja mwaka 2020.

Ni parokia tatu katika miaka saba. Herefordshire ina parokia za kale zaidi ya 200. Mtoto wa darasa la tano anaweza kupiga hesabu hiyo na kuona kwamba hakuna hata mmoja kati ya wanaochanga leo atakayekiona kitabu cha mwisho. Wajukuu wao pia huenda wasikione.

Hata hivyo wanachanga. Wengine wameshastaafu, na wanajua wazi kwamba wanapanda mnazi ambao dafu zake watakunywa wengine. Wanachopata wao ni parokia moja iliyokamilika mkononi, yenye majina, mashamba, shule na makaburi, iliyothibitishwa kiasi kwamba anayekuja baada ya miaka hamsini ataanzia hapo badala ya kuanza upya. Vitabu vingi vya zamani vya mradi huu sasa vinasomeka kwenye intaneti, na mtu aliyehamia mbali anaweza kufungua simu akaona kijiji cha babu yake.

Somo kwa nyumba yoyote

Si kila wilaya itapata mtafiti wa kulipwa, wala kila familia haina nyaraka za mwaka 1538. Hata hivyo, njia wanayoitumia watu wa Ledbury inaingia ndani ya nyumba yoyote, kwa sababu msingi wake ni maswali machache na kalamu.

La kwanza ni kuandika sasa. Picha iliyoko sandukuni, ambayo mama anamjua kila aliyemo, itakuwa picha ya wageni siku mama asipokuwepo. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli, pamoja na mahali na mwaka.

La pili ni kuuliza kwa mpangilio. Mtoto akienda kumsalimia bibi likizoni, apewe maswali yaleyale ya watafiti: Watu walikaa wapi? Shamba lilikuwa la nani? Waliuza nini, na soko lilikuwa siku gani? Shule ya kwanza ilijengwa na nani? Walisali wapi? Bibi atacheka kwanza, kisha atasimulia mpaka chai ipoe.

La tatu ni kuandika nani kasema. "Kwa mujibu wa bibi" ni tanbihi. Siku shangazi akija na maelezo mengine, familia haitagombana. Itakuwa na kauli mbili na sababu ya kutafuta ya tatu. Hata hadithi isiyothibitika isitupwe. Iandikwe kama hadithi.

La nne, na pengine gumu zaidi, ni kutoruka kurasa. Kila ukoo una deni, ugomvi wa mpaka au mtu aliyefukuzwa ambaye jina lake halitajwi mezani. Mzazi atapima umri wa mtoto, lakini daftari lisidanganye.

Jioni Ledbury, wachuuzi wakishakunja meza zao, sehemu ya chini ya jumba la soko hubaki tupu, na nguzo 16 huanza kutupa vivuli virefu barabarani. Mtoto aliyeuliza asubuhi nani alijenga bado hajapata jina. Anachoweza kuambiwa ni kwamba kazi ilianza mwaka 1617, kwamba wengi husema ni John Abel, na kwamba wapo watu katika mji huu wanaotoa fedha zao ili siku waraka ukipatikana, awepo mtu wa kuusoma.

Kwa mtoto hilo ni jibu pungufu. Akirudi nyumbani nalo, litampa cha kuuliza tena.